Ufugaji wa samaki wa baharini nyumbani: Chakula hufugwa kabla ya samaki

Na Mwandishi Wetu

JIKE hutaga mamia ya mayai juu ya jiwe. Dume huyalinda na kuyapepea kwa mapezi yake kwa takriban wiki moja, kisha usiku mmoja, mara baada ya giza kuingia, mayai huanguliwa. Asubuhi mfugaji hukuta tangi lake limejaa vifaranga wasiozidi urefu wa milimita tano. Baada ya siku chache, hakuna hata mmoja aliye hai.

Hayo ndiyo yanayowakuta wengi wanaojaribu kwa mara ya kwanza kuzalisha nyumbani samaki wa mapambo wa baharini. Mara nyingi vifaranga hao hawauawi na maradhi. Hufa njaa, ilhali chakula cha unga kimetapakaa mbele ya macho yao.

Samaki anayezalishwa sana kwa njia hii ni yule mdogo wa rangi ya machungwa na mistari myeupe, anayeishi kati ya minyiri ya anemoni. Watoto wengi wa mijini walimfahamu kwa jina la Nemo, kutokana na filamu iliyotoka mwaka 2003. Jamii yake kitaalamu huitwa Amphiprion, na spishi zake mbili, A. allardi na A. akallopisos, huishi katika matumbawe ya pwani ya Afrika Mashariki.

Kwa nini unga haufai

Kifaranga wa sato huanza maisha akiwa na akiba nzuri ya kiini cha yai, na akiimaliza anaweza kula unga uliosagwa. Kifaranga wa samaki wengi wa baharini hana bahati hiyo. Akiba yake ni ndogo, mdomo wake ni mwembamba na tumbo lake halijakomaa.

Aidha, huwinda kwa macho na hushambulia kitu kinachojongea. Punje ya unga haijongei, bali huzama, huoza na kuchafua maji.

Anayeziba pengo hilo ni rotifa, mdudu wa majini mwenye urefu wa kati ya milimita 0.1 na 0.3, ambaye huogelea polepole kwa kutumia vijinywele vya kichwani. Nchini Japani, katika miaka ya 1950, rotifa walihesabiwa kuwa kero katika mabwawa ya kufugia mikunga. Mwaka 1960 mtafiti Takashi Ito alipendekeza wafugwe kwa makusudi ili wawe chakula cha vifaranga wa samaki, na tangu hapo wamekuwa nguzo ya ufugaji huo duniani.

Mwani kwanza

Rotifa naye lazima ale, na chakula chake bora ni mwani wa seli moja, hasa ule uitwao Nannochloropsis. Mwani huo hukuzwa katika chupa safi zenye maji ya chumvi, mbolea maalumu, mwanga wa taa na hewa inayosukumwa na pampu. Kwa kawaida maji hugeuka kijani kibichi katika muda wa wiki moja hadi siku kumi.

Rotifa huwekwa katika ndoo nyingine yenye maji ya vuguvugu yasiyo na klorini, ya gramu 20 hadi 25 za chumvi kwa lita, wakati maji ya bahari huwa na takriban gramu 35. Jike huzaa bila kuhitaji dume, hivyo idadi inaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Wapo wanaowalisha hamira ya mkate kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Rotifa huila na kuzaana, lakini hamira haina mafuta ya omega 3 ambayo kifaranga huyahitaji ili ubongo na macho yake vikue. Rotifa ni kama mfuko: thamani yake ni kile alichokibeba tumboni.

Mwishoni mwa wiki ya kwanza vifaranga huanza kuongezewa uduvi wachanga wa Artemia, ambao mayai yao makavu huanguliwa kwa takriban saa 24 katika maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 28.

Hesabu ya kila siku

Tangi la vifaranga linapaswa kuwa na rotifa wapatao 10 katika kila mililita. Kwa tangi la lita 40, hao ni rotifa 400,000. Ndoo ya lita 20 yenye rotifa 100 kwa mililita ina milioni mbili. Mfugaji akivuna robo yake kwa siku, atapata 500,000, kiasi kinachotosha bila kuimaliza ndoo.

Ndiyo maana hesabu hufanywa kila siku: huchukuliwa mililita moja, huongezwa tone la siki ili rotifa watulie, kisha huhesabiwa kwa lenzi au hadubini. Idadi ikishuka ghafla, ni dalili kwamba maji yamechafuka au chakula kimepungua.

Hatari nyingine ni umeme kukatika. Pampu ikizimika kwa saa kadhaa, ndoo nzima inaweza kufa usiku uleule ambao mayai yanaanguliwa. Hivyo pampu ya betri si anasa. Vilevile, vyombo vya rotifa visitumike kwenye mwani, kwani wachache tu wakiingia humo huzaana na kuumaliza.

Zaidi ya mapambo

Elimu hii haiishii kwenye tangi la sebuleni. Wafugaji wa mwatiko katika pwani ya Tanzania na Kenya kwa muda mrefu wamekuwa wakitegemea vifaranga wanaokusanywa baharini, ilhali katika nchi kama Ufilipino na Indonesia vifaranga hao huzalishwa vituoni kwa rotifa na Artemia.

Hata hivyo, zipo spishi ambazo hata rotifa ni mkubwa mno kwao. Samaki wa manjano wa Hawaii, Zebrasoma flavescens, alikuzwa kwa mafanikio mwaka 2015 baada ya watafiti wa Oceanic Institute kutumia wachanga wa kopepoda, viumbe wadogo zaidi na wagumu zaidi kufuga.

Kwa anayeanza, somo ni moja. Mwani uanzishwe wiki tatu au nne kabla ya mayai kutarajiwa, na kila kitu kiwe katika vyombo viwili au zaidi. Jozi hutaga tena baada ya wiki mbili hivi, lakini vifaranga walioanguliwa leo hawawezi kusubiri. Wahenga walisema akiba haiozi, nayo akiba ya mfugaji huyu ni ndoo ya pili.