Cheti cha Kompyuta na Mshindo wa Kimya

Ndugu msikilizaji, juma hili napenda tuzungumzie masomo yanayotolewa kwa njia ya kompyuta, na hasa utaratibu unaoamua mwanafunzi aanze na nini, afuate nini, na lini ahesabiwe kuwa amefuzu. Wengi hudhani kuwa hayo ni mambo ya mafundi peke yao. Mimi nasema yanatuhusu sote, kwani siku hizi cheti cha muuguzi au cha karani wa benki chaweza kutolewa na mashine, bila mwalimu kumwona mwanafunzi uso kwa uso.

Mwaka 1997 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilianzisha mpango wa kuwezesha masomo ya kompyuta kuhamishwa kutoka mfumo mmoja hadi mwingine bila kutengenezwa upya. Mpango huo ulizaa kanuni ziitwazo SCORM, zilizotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2000. Toleo la 1.2 lilifuata mwaka 2001, na baadaye likaja SCORM 2004, ambalo ndilo lililoleta sheria za mpangilio. Mtunzi wa somo huandika sheria, na mfumo unaoendesha masomo huzitii.

Tuchukue mfano wa somo la wauguzi kuhusu kupima dozi za dawa za watoto. Lina jaribio la mwanzo, sura tatu, na mtihani wa mwisho. Mitego iko wapi?

Mtego wa kwanza ni kimya. Wahenga walinena kuwa kimya kina mshindo mkuu. Katika SCORM 2004, mtunzi asipotamka jambo, kanuni humsemea. Sura ambayo haitoi taarifa yoyote ya matokeo, na ambayo mtunzi hakuagiza kuwa matokeo yake yasubiriwe, huhesabiwa kuwa imemalizika na mwanafunzi amefaulu, mara tu anapoifunga. Muuguzi akiifungua sura ya dozi, akaifunga papo hapo na kwenda kunywa chai, kumbukumbu zitasema amefaulu.

Kimya hicho hicho huvuruga njia pia. Ruhusa ya kuchagua sehemu yoyote katika orodha hutolewa bila kuombwa, lakini ruhusa ya kusonga mbele kwa kitufe cha kuendelea haipo mpaka iandikwe. Basi mwanafunzi huweza kurukia mtihani moja kwa moja, ilhali yule mtiifu anayetaka kufuata sura kwa zamu hukwama. Ni kinyume kabisa cha alichokusudia mwalimu!

Mtego wa pili ni hesabu ya jumla. Isipoandikwa vinginevyo, somo zima huhesabiwa kuwa limefaulu pale tu kila sehemu yake inapofaulu. Sasa, mtu ambaye hajafundishwa si ajabu akashindwa jaribio la mwanzo. Likiachwa ndani ya hesabu, muuguzi huyo ataonekana hajafaulu hata akipata alama zote katika mtihani wa mwisho. Dawa yake ni kuandika wazi kwamba jaribio hilo lisihesabiwe.

Mtego wa tatu ni majina. Kanuni huruhusu sehemu mbalimbali kutumia lengo moja la pamoja, na mtunzi asipokataza, lengo hilo hutambuliwa hata katika masomo mengine ya mfumo ule ule. Watunzi wawili wakiita malengo yao "lengo la 1", mwanafunzi aliyefaulu somo la usafi aweza kukuta amekwisha kufaulu sehemu ya somo la dozi.

Mtego wa nne ni kuaga. Somo linapofungwa lazima liujulishe mfumo kuwa mwanafunzi amepumzika tu na atarudi. Lisipofanya hivyo, akirudi huhesabiwa kuwa anaanza upya. Isitoshe, penye umeme wa kukatika-katika, somo lihifadhi taarifa kila hatua, lisingoje mwisho.

Mtego wa tano ni kutojua uwezo wa mfumo. Moodle, unaotumiwa na vyuo vingi vikiwemo vya hapa Afrika Mashariki, umejengwa kwa toleo la 1.2, si SCORM 2004. Ukinunua somo lenye sheria za SCORM 2004 na kuliweka humo, usitegemee sheria hizo zitafuatwa. Uliza kabla ya kulipa.

Tufanyeje basi? Kwanza, mtunzi achore njia ya somo kwenye karatasi kabla ya kugusa kompyuta, na atamke kila ruhusa badala ya kuiachia kanuni. Pili, sheria ziwe chache. Tatu, somo lijaribiwe kwa kuiga wanafunzi wa kila aina: anayeruka sura, anayeshindwa, anayeondoka katikati na kurudi kesho yake. Kulijaribu kwa kuiga mwanafunzi mwema peke yake si kulijaribu.

Na kwa waajiri nasema hivi: kumbukumbu ya kompyuta hueleza kuwa sheria zilizoandikwa zimetimia, haielezi kuwa mtu ameelewa. Kabla muuguzi hajakabidhiwa bomba la sindano, na apimwe na mtu anayeijua kazi hiyo, kwani dozi ikizidi, atakayeumia ni mtoto.

Mpaka juma lijalo, ndugu msikilizaji, kwaheri.