UMAMA KATI YA NCHI MBILI: AKINA MAMA WA KIFILIPINO UGENINI

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama wa Kifilipino anayewasili Hong Kong au Toronto hupewa jembe siku ile ile ya kwanza, maana jembe ndilo lililompeleka huko. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mama huyo anavyoukabili ugeni wake. Tunadai kwamba baridi, lugha na vyakula vya nchi ngeni huzoeleka hatimaye. Lililo gumu zaidi ni kuendelea kuwa mama wa watoto aliowaacha nyumbani na, panapo majaliwa, kuwazoea upya watoto hao wanapoungana naye. Ili kubainisha hoja hii, tutarejelea hali katika Hong Kong na Kanada.

Chimbuko la safari

Mwaka wa 1974, wakati wa utawala wa Ferdinand Marcos, serikali ya Ufilipino ilitoa Sheria ya Kazi iliyoweka msingi wa kuwapeleka raia kufanya kazi ng'ambo. Nia ilikuwa kupunguza ukosefu wa ajira na kuliletea taifa fedha za kigeni. Hapo mwanzo wengi wa waliokwenda nchi za Ghuba walikuwa wanaume, wakifanya kazi za ujenzi. Baadaye wanawake waliongezeka sana, kwa kuwa familia za Hong Kong, Singapore, Italia na Kanada zilihitaji watu wa kuwalea watoto na kuwatunza wazee. Mwaka wa 1988 Rais Corazon Aquino aliwaita wafanyakazi wa nyumbani waliokuwa Hong Kong mashujaa wapya wa taifa. Miongoni mwa mashujaa hao walikuwamo walimu na wauguzi, waliolazimika kushika ufagio kwa sababu ulilipa zaidi kuliko chaki.

Sheria na mazoea

Yamkini msomaji atadhani kuwa kuyazoea maisha mapya ni suala la hulka ya mtu tu. La hasha! Sheria za nchi mwenyeji ndizo zinazoamua mgeni azoee nini. Katika Hong Kong, mfanyakazi wa nyumbani hupewa mkataba wa miaka miwili. Tangu mwaka wa 1987, mkataba ukivunjika hupewa majuma mawili tu kabla ya kutakiwa kuondoka. Na tangu mwaka wa 2003 sharti alale katika nyumba ya mwajiri wake. Haruhusiwi kuwaleta watoto wake. Mwaka wa 2013 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kuwa wafanyakazi wa aina hii hawana haki ya ukaazi wa kudumu, hata wakikaa miaka mingi kiasi gani.

Mtu asiyekuwa na chumba cha kuita chake hujitafutia uwanja. Kila Jumapili, maelfu ya wanawake hawa hukusanyika katika mtaa wa Central, penye mabenki makubwa. Hutandika maboksi ya kadibodi sakafuni, wakala wali na samaki, wakasukana nywele, wakaomba dua na kushauriana kuhusu mikataba. Aliyetangulia kufika humwongoza aliyefika jana, naye huitwa dada mkubwa japo hawana undugu wa damu. Katika siku hiyo moja, yule anayeamrishwa juma zima huwa tena mtu mwenye jina lake na lugha yake.

Kanada ilikuwa na utaratibu mwingine. Chini ya mpango ulioanza mwaka wa 1992, mlezi alitakiwa kufanya kazi kwa miezi 24 akiishi nyumbani kwa mwajiri, ndipo aruhusiwe kuomba ukaazi wa kudumu na kuwaita jamaa zake. Sharti hilo la kuishi kwa mwajiri liliondolewa mwaka wa 2014. Hata hivyo, miezi 24 haikuwa mwisho wa kungoja, kwa sababu maombi yenyewe yaliweza kuchukua miaka zaidi. Mama aliyeacha mtoto wa chekechea aliweza kumpokea akiwa tineja.

Umama wa mbali

Katika kipindi hicho chote mama hakuacha kulea. Alituma karo na masurufu, na mara kwa mara sanduku kubwa lijulikanalo kama balikbayan, neno linalomaanisha mtu anayerejea nchini kwao. Ndani yake mlipangwa sabuni, viatu, nyama ya mikebe na peremende. Rununu na mtandao vilipoenea, aliweza kusikiliza mtoto akisoma au kumkemea asichelewe kulala. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini mama huyu hakuwa na fimbo nyingine.

Je, watoto waliyaonaje malezi haya? Mirca Madianou na Daniel Miller, katika kitabu chao cha mwaka wa 2012, wanaonyesha kuwa akina mama wa Kifilipino waliokuwa Uingereza waliona simu imewarudishia umama wao, ilhali wengi wa watoto hawakuridhika hivyo. Naye Rhacel Parreñas anaeleza kuwa katika jamii ya Wafilipino mama huitwa taa ya nyumba na baba nguzo yake. Kwa hiyo baba akienda ng'ambo husemwa anatimiza wajibu, lakini mama akienda husemwa ameizima taa. Kazi zake za malezi huwaangukia nyanya, shangazi au binti mkubwa, mara nyingi si baba.

Mtoto anapowasili

Furaha ya uwanja wa ndege haidumu. Mtoto huzikumbuka harufu za nyumba ya nyanya yake, mama naye humkumbuka mtoto mdogo ambaye hayupo tena. Geraldine Pratt, aliyeshirikiana na Wafilipino wa Vancouver katika utafiti wake, anaeleza jinsi vijana walivyopata taabu shuleni huku mama zao wakifanya kazi mbili au tatu. Mama hutarajia shukrani. Mtoto hutaka kujua kwa nini aliachwa. Hapo ndipo ugeni wa pili unapoanza, na hakuna mkataba unaoupangia muda.

Hitimisho

Tumeona kwamba akina mama wa Kifilipino huyazoea makao mapya kwa umoja na kwa ustadi mwingi, lakini muda wa utengano hupangwa na sheria wasizozitunga. Suala hili si la mbali nasi, kwani wanawake Wakenya nao huacha watoto kwa nyanya zao wakaenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba. Tunapohesabu fedha wanazotuma, inafaa pia tuhesabu miaka ambayo mtoto amelelewa kwa simu. Na serikali zinapoandika mikataba ya kazi, mtoto huyo asisahauliwe.