Stesheni ya Majina Matatu

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Leo nawasimulia habari ya stesheni yetu ya Mnyuzi, hapa Korogwe, na habari ya tovuti inayopotea mtandaoni.

Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893. Fedha ziliwaishia njiani, kazi ikalala, ikaamka tena, na reli ikafika Korogwe mwaka 1902. Mnyuzi ilikuwa stesheni ya njiani tu. Kisha mwaka 1963, Tanganyika ikiwa imeshapata uhuru, ikakamilika reli nyingine ya zaidi ya kilomita 180, kutoka Ruvu kwenye Reli ya Kati mpaka hapa. Tangu hapo, treni ya Dar es Salaam kwenda Moshi sharti ipite Mnyuzi. Kijiji hakikuhamishwa wala stesheni haikugeuka jumba la kifalme. Zilizoongezeka ni njia za kuifikia.

Hapo ndipo pa kushika. Mwaka 1998 vijana wawili waliokuwa wanasoma Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Larry Page na Sergey Brin, walianzisha kampuni ya Google kwa wazo la namna hiyohiyo. Ukurasa wa tovuti ni stesheni. Kiungo kinachokupeleka ukurasa mwingine ni reli. Ukurasa unaoelekezewa viungo na kurasa zenye heshima, nao hupata heshima. Kiungo kutoka gazeti kubwa ni reli ya Dar es Salaam. Kiungo kutoka ukurasa usiojulikana ni kijia cha shambani. Siku hizi Google hupima mambo mengine mengi, lakini viungo bado vimo.

Programu zake hupita kutwa kucha zikifuata viungo, zikisoma na kuweka yaliyosomwa kwenye faharasa kubwa mno. Unapoandika neno kwenye simu, Google haianzi kukimbia duniani kukutafutia. Inafungua faharasa yake. Ambacho hakikusomwa, hakimo.

Tuseme familia moja ya Mnyuzi inauza machungwa na imefungua tovuti. Juu imeandikwa "Karibu". Chini yake pana picha moja kubwa, na bei, namba ya simu na jina la kijiji vyote vimechorwa ndani ya picha hiyo. Faili lenyewe linaitwa IMG_0047. Mimi na wewe tunaona kila kitu. Programu inayosoma inapata "Karibu" na machache mengine. Mchuuzi wa Dar es Salaam anaandika "bei ya machungwa Korogwe", na ile familia haitokei. Machungwa yao ni matamu, jamani, ila hayajulikani.

Waanze na kichwa cha ukurasa: "Machungwa ya jumla kutoka Mnyuzi, Korogwe, Tanga". Bei na simu ziandikwe kwa maandishi ya kawaida. Picha ipewe maelezo yake, "magunia ya machungwa stesheni ya Mnyuzi", maelezo ambayo pia humfaa asiyeona, kwa kuwa simu yake humsomea kwa sauti. Tena picha ipunguzwe uzito, maana mteja anatumia bando lake. Na maneno yawe ya mteja mwenyewe: hakuna mchuuzi anayetafuta "mazao jamii ya michungwa".

Wako wanaorudia neno moja mara mia, au kununua viungo, ili Google iwatangulize. Mwaka 2012 Google ilileta mabadiliko yaliyoitwa Penguin, na tovuti nyingi za ujanja huo zikaporomoka. Ilikuwa haki, kwa sababu walikuwa wakiwafunika waliosema kweli.

Sasa yale majina matatu. Wajerumani waliandika Mnyussi. Maandishi ya Kiingereza ya reli yana Mnyusi. Sisi tunaandika Mnyuzi. Mtambo wa kutafuta hujitahidi kutambua kwamba majina yanayofanana ni kitu kimoja, lakini mahali palipoandikwa habari chache kama kwetu, hukosea kwa urahisi. Mtoto anayetafuta Mnyuzi anaweza asiione habari ya mwaka 1963 iliyowekwa kwa jina la Mnyusi. Ukurasa mmoja tu wa Kiswahili unaotaja majina yote matatu utayaunganisha. Linaniuma kwamba kazi ndogo hivyo inatusubiri bado.

Basi wiki hii nendeni kwa wazee waliofanya kazi relini na kwenye mashamba ya mkonge. Waulizeni, andikeni walichosema na mwaka wake, mkiweke kwenye ukurasa wenye kichwa kinachosema wazi ni habari za nini na za wapi. Halmashauri ya Wilaya ya Korogwe ina tovuti yake. Waombeni kwa adabu waweke kiungo cha kuja kwenu.