Fahamu: Mwanza hadi Bukoba ni mbali kiasi gani?

Kwa mstari ulionyooka juu ya Ziwa Victoria, Mwanza na Bukoba zimeachana kwa kilomita 175 hivi. Ndege ya mapangaboi huruka kwa muda usiofika saa moja. Muda kwenye tiketi huwa mrefu zaidi, kwa sababu unajumuisha pia muda ambao ndege inatembea uwanjani kabla ya kupaa na baada ya kutua.

Barabara ni habari nyingine. Ziwa linakulazimisha kuzunguka kupitia Sengerema, Geita, Biharamulo na Muleba, zaidi ya kilomita 400. Kikwazo kikubwa kilikuwa Kigongo–Busisi, ambako mabasi na magari ya wagonjwa yalipanga foleni kusubiri kivuko. Daraja la J.P. Magufuli lililojengwa hapo, lenye urefu wa kilomita 3, lilizinduliwa Juni 19, 2025. Umbali haukupungua sana, lakini kusubiri kumekwisha, na kwa mama mjamzito aliyepewa rufaa kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza, hilo ni jambo kubwa kuliko kilomita zozote.

Meli husafiri usiku kucha. Ni polepole, ila ndiyo inayombebea mkulima wa Kagera ndizi zake kwa wingi.