Laptopu mpya au kompyuta ya mezani? Piga hesabu kabla hujagusa mtaji

Biashara ya mtandaoni imekua, simu imejaa picha, sasa unataka kompyuta. Ununue laptopu mpya au umpe fundi akuunganishie ya mezani? Kumbuka hela hiyo hiyo ungeweza kuongezea mzigo, kwa hiyo twende taratibu.

1. UMEME
Umeme ukikatika, laptopu inaendelea na betri yake. Ya mezani inazima hapo hapo, na kazi ambayo hujasevu imekwenda. Ukichagua ya mezani, weka na bei ya UPS kwenye bajeti. UPS ndogo inakupa dakika chache za kusevu na kuzima vizuri.
Halafu LUKU. Ya mezani pamoja na skrini ikila wati 150 kwa saa 8, ni yuniti 1.2 kwa siku. Laptopu ya wati 50 kwa saa hizo hizo ni yuniti 0.4.

2. MATENGENEZO
Ya mezani ikiungua pawa saplai, unabadilisha hiyo tu. RAM ikiwa ndogo, unaongeza. Laptopu nyingi za siku hizi RAM imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi, huwezi kuongeza. Ila spea ikibidi itoke Kariakoo na basi, oda zinakusubiri. Muulize fundi wako kwanza ana spea gani karibu.

3. MPYA SIYO LAZIMA IWE NZURI
Laptopu mpya za bei ya chini nyingi zina prosesa ya Celeron, RAM 4GB na nafasi ya 64GB. Fungua Excel na picha za bidhaa pamoja, inakwama. Kompyuta iliyotumika ofisini, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk, ukiiwekea RAM 8GB na SSD, inaweza kuipita mbali.

4. ANGALIA KIZAZI
Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa Intel kwa kawaida inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Soma jina la prosesa: i5-8500 ni kizazi cha 8, i5-4590 ni cha 4. Ukiona bei rahisi ajabu, anza kuangalia hapo.

SASA UCHUKUE IPI?
Una duka la kudumu na fundi wa kuaminika? Chukua ya mezani iliyotumika, iongezee RAM, SSD na UPS. Kuunga kwa vifaa vipya kimoja kimoja mwachie anayehariri video kila siku.
Leo uko Mikumi, kesho Kilosa, keshokutwa unafuata mzigo Morogoro? Chukua laptopu, ila ya 8GB.
Oda bado chache na simu inatosha? Baki na simu. Kompyuta inunuliwe kwa faida, mtaji uache uzunguke.

Wewe unatumia ipi? Tuambie hapo chini, mwenzako anajipanga kununua.