JINSI YA KUTAMBUA KINACHOWAFAA WANAFUNZI

Watu wengi hudhani ya kuwa ni rahisi kujua kama kifaa fulani cha kufundishia kina faida. Huitazama shule iliyo nacho, wakiona watoto wake wamefaulu mtihani husema kwamba kifaa hicho ndicho kilichowafaulisha. Lakini hukumu ya namna hiyo yaweza kuwapotosha wazazi na kamati za shule, na fedha zilizochangwa kwa taabu zikapotea bure.

Mfano wake ulionekana katika wilaya za Busia na Teso, magharibi ya Kenya. Wataalamu, akiwamo Michael Kremer wa Marekani, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili mwaka 2019, walichunguza chati kubwa ambazo mwalimu huzitundika mbele ya darasa. Walipolinganisha shule zilizokuwa na chati zao wenyewe na zile zisizokuwa nazo, zenye chati zilionekana kuwa na alama nyingi zaidi.

Ndipo jambo lile likapimwa kwa njia nyingine. Shule 178 ziligawanywa mafungu mawili pasipo kuangalia utajiri wala sifa ya shule yo yote. Mwaka 1997 nusu yake zilipewa chati, na nusu hazikupewa. Mitihani ilipofanywa, haikuonekana kwamba chati zimeongeza alama.

Sababu ya tofauti hiyo ni nini? Shule iliyojipatia chati yenyewe huenda ilikuwa na wazazi wenye uwezo, au mwalimu mkuu mwenye bidii. Hayo ndiyo yaliyowasaidia watoto, lakini sifa zikapewa chati. Mkulima mwenye busara hatii mbolea katika shamba lenye rutuba, kisha akalilinganisha na shamba la changarawe lisilotiwa kitu. Huligawa shamba moja, akatia mbolea upande mmoja tu.

Basi, mtu akileta kifaa kipya shuleni, yafaa aulizwe maswali matatu. Je, kilijaribiwa katika shule ngapi? Shule hizo zilichaguliwa kwa njia gani? Na zile zisizopewa zilipata alama gani? Asiyeweza kujibu hayo hajathibitisha neno lake. Tena, matokeo mabaya yapasa kutangazwa sawa na mazuri, maana kukijua kisichofaa ni kuweka akiba ya kununulia kinachofaa.