Nukta Tatu Katikati ya Jedwali

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuuliza: nani anasimulia, na ameficha nini? Makala haya yanalipeleka swali hilo kwenye daftari la kompyuta liitwalo Jupyter, ambamo mtu huandika amri na kuona jibu papo hapo chini yake. Siku hizi baadhi yetu tunalitumia, pamoja na programu ya pandas, kupanga data za fasihi simulizi.

Nianze na yaliyonikuta. Wakati wa likizo tulikusanya vitendawili wilayani Kyela. Wenzangu wawili walishughulikia Kasumulu mpakani, Kyela mjini na Ipinda. Mimi nikaenda Matema na Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa. Tulipata vitendawili 118, tukavipanga kwenye jedwali moja kwa kufuata njia hiyo. Kazi ya kuandika uchambuzi nikapewa mimi. Nilipoliita jedwali, ikaja mistari mitano ya Kasumulu, nukta tatu, kisha mistari mitano ya Ikombe. Basi, nikaandika kwa kujiamini kabisa kwamba taswira kuu ni mto wa mpakani na vyungu vya Wakisi.

Nikamsomea bibi rasimu. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Mjukuu wangu, mpunga umeuacha wapi?"

Jamani! Mpunga ulikuwepo. Ulikuwa katikati, nyuma ya zile nukta, pamoja na migomba.

Ndugu msomaji, programu haikufuta kitu. Kwa kawaida yake, jedwali likizidi mistari 60, pandas huonyesha mitano ya mwanzo na mitano ya mwisho tu. Safu zikizidi 20, za katikati nazo hufichwa. Hata maneno yaliyomo ndani ya safu, yakizidi herufi 50, hukatwa mkia. Hata hivyo, chini ya jedwali huandikwa idadi kamili ya mistari na safu. Ushahidi nilikuwa nao, sikuusoma.

Dawa yake ni amri hizi:

pd.set_option("display.max_rows", None)
pd.set_option("display.max_columns", None)
pd.set_option("display.max_colwidth", None)

Ya kwanza huondoa kikomo cha mistari, ya pili cha safu, ya tatu cha urefu wa maneno. Neno None hapo lina maana kwamba hakuna kikomo. Ukitaka kurudi kwenye hali ya awali, tumia pd.reset_option ukitaja jina la kikomo. Na kama unataka kuona kila kitu mara moja tu, bila kubadilisha daftari zima, andika:

with pd.option_context("display.max_rows", None):
    display(jedwali)

Lakini tahadhari: jedwali la maelfu ya mistari likifunguliwa lote, kompyuta huelemewa, na msomaji pia. Hapo ni afadhali kuchagua sehemu, mathalani vitendawili vya Ipinda peke yake. Tofauti ni kwamba sasa anayechagua ni wewe, na sababu unaweza kuieleza katika uchambuzi wako.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya mafundi, hayahusu fani wala maudhui. Sikubaliani nao. Matini iliyokatwa huzaa maudhui yaliyokatwa, awe aliyeikata mhariri au mashine. Mimi uchambuzi wangu nimeuandika upya, na sura ya kwanza sasa inaanza na mpunga.